Moniteur wa Ndege za Siku ya Posho

Moniteur hakuweza kupanda ngazi. Hilo njo jambo la kwanza ninalotaka mulijue, kwa sababu watu waliomuona akiwa juu tu wanafikiri alikuwa muntu asiyeogopa kitu. Siku moja upepo ulifungua bati za nyumba yake, akaja kwetu na misumari mukononi kama mutoto aliyetumwa dukani.

"Mama Faustin," akaniambia, "niazime mutoto wako anipandie pale juu."

Nilicheka mpaka kitenge kikafunguka. "Wewe mwenye kuruka juu ya Masisi yote, bati zinakushinda?"

Akajibu bila kucheka: "Mu ndege nimeketi, Mama. Ku ngazi nimesimama juu ya makosa ya seremala."

Faustin akapanda, akapigilia, na Moniteur akabaki chini ameshika ngazi kwa mikono miwili, macho amefunga.

Majina ya watu hayanipotei. Ng'ombe wetu wote ninaweza kuwataja, na mama zao, na wanawake wote waliokuwa wakichukua maziwa kwangu, na watoto wao, na waliokufa kati yao. Jina lake pia ninalijua. Lakini pale malishoni hakuna aliyemwita kwa jina, hata mke wake alipokuwa hai, na miye sitaanza leo. Zamani zetu moniteur alikuwa mwalimu wa shule. Nilimupata mumoja wa darasa la kwanza na la pili, kisha baba akanirudisha ku ng'ombe. Huyu wa ndege akawa moniteur wangu wa pili, ingawa hakunifundisha kitu. Darasa lake lilikuwa malisho yetu, pale juu ya kilima ambapo majani ni mafupi na ardhi imelala.

Ninamuandika kwa sababu ya neno moja. Aliliahidi mama mumoja, kisha akakaa nalo mudomoni muda murefu sana, na mwenye kuumia alikuwa yule mama.

Ndege zenyewe zilikuwa ndogo, vitu vya kuchekesha. Viti viwili, bomba za chuma, mabawa ya kitambaa kigumu, na moteri nyuma yenye kulia kama pikipiki. Wenye kusoma waliziita ULM. Watoto waliziita nyuki. Jumamosi ya kwanza ya mwezi, siku ya posho kama tunavyosema huku, marubani walikuja na nyuki zao. Mumoja alitoka Goma, mwingine upande wa Walikale, ambapo miti imesongamana mpaka hakuna mahali pa kuweka hata kuku. Hayakuwa mashindano ya kombe. Hakuna aliyepewa kitu. Walikuja kujizoeza pamoja kama marafiki, na kuchekana, na kurudi kwao Jumapili wakiwa wanajua kidogo zaidi.

Moniteur alipiga mustari wa chokaa mu majani, na kila muntu alijaribu kugusa chini karibu nao bila kuutangulia. Siku ingine walizima moteri juu ya kilima cha kanisa, ndege inakuja kimya kama tai, na sisi wanawake tunashika vichwa. Siku ingine waliangusha mufuko wa unga juu ya kikapu changu kibovu. Hawakukipata hata mara moja. Papa Ngabo, muchungaji wetu wa ng'ombe, alisema: "Kikapu hiki njo kinajua kuruka kuliko wao." Na kulikuwa muchezo wa mafuta: Moniteur anakupimia kidogo, anakupa karata ya kuonyesha njia, unakwenda mpaka kilele fulani upande wa Buleusa, unarudi. Mwenye kurudi na mafuta mengi njo ameruka vizuri, maana hakupotea wala hakupigana na upepo.

Mwanzoni mwa malisho aliweka kitambaa. Kikiwa cheupe, uwanja ni huru, shuka. Kikiwa chekundu, usishuke, kuna ng'ombe ao kuna muntu. Mara ya kwanza bwana wangu alipokiona kile cheupe kimetandikwa, alikikazia macho muda.

"Moniteur," akasema, "cheupe huku tunakiinua wakati tunaomba tusiuawe. Tafuta rangi ingine."

"Papa Faustin, ni sheria ya ndege. Mu anga hakuna vita."

"Leo hakuna," bwana wangu akasema, akaenda kukamua.

Nilikuwa ninapika maharagi na viazi, na maziwa ya kuganda mu kibuyu. Lakini kula hakukuwa rahisi. Ndege zikishuka zote, tuliketi ku majani, sufuria inatoa moshi, na hakuna mwenye kugusa. Kila rubani aseme kwanza kosa lake la siku ile. Lake mwenyewe, si la mwenzake.

Papa Anselme, muchuuzi wa foromaji, ile jibini ya maziwa yetu, alikuwa na tumbo kubwa na njaa kubwa. Kila mwezi alitangulia.

"Kosa langu ni tumbo hili. Ndege inafikiri tuko watatu."

"Hilo ni kosa la mama yako," Moniteur akasema. "Sema lako."

"Nilikuja mbio, nikapita mustari mbali."

"Kwa nini?"

"Niliona sufuria."

"Kula."

Lakini Kambere, muganga wa ng'ombe, muntu wa kujisikia kidogo, siku moja alisema: "Miye leo sikuona kosa." Moniteur hakubishana. Akachukua sahani ya Kambere, akaipindua ku majani. "Basi wewe utakula kesho." Na kweli hakula. Nilimupa kiazi kwa siri nyuma ya zizi, akakila amekasirika.

Kusifu hakukujua. Neno lake kubwa kuliko yote lilikuwa "Umerudi." Ukiwa umeshuka vizuri sana, mpaka sisi tusiojua tunapiga vigelegele, yeye anapita karibu na wewe, anatazama magurudumu, anasema: "Umerudi." Watu walikuwa wanafurahia neno hilo kama wamepewa ng'ombe. Alisema kupaa ni kelele tu, kutua njo kuruka. Alisema moteri ni rafiki wa kuazima, siku moja mwenyewe atakuja kumuchukua na wewe uko juu. Hivyo aliwazoeza kushuka, kushuka, kushuka, mpaka Papa Anselme akamuuliza kama siku ya mwisho atakataa kupaa na watakatifu.

Na uongo hakuujua hata kidogo. Mu posa ya binti yangu Jacqueline, wakwe wameleta ng'ombe, watu wamevaa vizuri, musemaji wa upande wao anasifu ule mufupa wa ng'ombe kama malkia. Moniteur akasimama katikati: "Ng'ombe huyu anaumwa mapafu." Aibu! Wakwe wakanuna, karamu ikakaribia kuvunjika. Nikamuvuta pembeni.

"Weye! Huwezi kusema tu ni muzuri?"

"Siwezi."

"Basi nyamaza!"

"Kunyamaza naweza."

Akanyamaza mpaka watu wakaenda kwao. Ng'ombe alikufa kabla ya ndoa, lakini hiyo si hadithi yangu ya leo. Ninachotaka kusema: muntu yule alikuwa na milango miwili tu, kweli na kimya. Wengine tuna wa tatu, njo maana tunaishi na wakwe.

Wanaume wa mawe, wale wanaonunua madini upande wa Walikale, walikuja mara mbili kumuomba abebe vitu vyao. Mara ya pili walikuwa na bunduki. Alisema: "Ndege hii inabeba muntu anayejifunza, basi." Wakamupiga kofi, miwani ikaruka mu majani. Akapiga magoti, akaitafuta, akaivaa, akasema tena maneno yaleyale kwa sauti ileile. Wakaondoka. Jioni alimwaga maziwa, na hakuficha kwamba ni woga.

Sasa Fransine.

Fransine alikuwa mushonaji mu soko ya Kitshanga. Aliitwa kwetu kwa sababu Bihogo, ng'ombe wangu mwenye pembe ndefu, alijikuna ku ndege ya Moniteur na pembe ikapasua bawa. Musichana akaja ku pikipiki na uzi wake mu kifuko. Alikuwa mwembamba, mwenye kusema haraka. Akapitisha vidole ku kitambaa.

"Nani alishona hii kwanza?"

"Kiwanda," Moniteur akasema.

"Kiwanda kinajua kazi. Nitaishona. Lakini nataka nijue inavutwa wapi wakati iko juu. Nguo ya kucheza na nguo ya kulima hazishonwi sawasawa."

Moniteur akamuweka mu ndege ya Papa Anselme, akamupandisha aone bawa linavyovutwa. Waliposhuka, alishona bawa mpaka jua likageuka, akamaliza, akakunja uzi. Hakwenda. Akaketi pembeni ya ndege. Pikipiki ikapiga honi, ikapiga tena, ikamuacha. Tangu siku ile alikuja kila siku ya posho, na kabla ya mwaka kuisha alikuwa anaruka peke yake.

Mama yake alikuwa mulimaji wa Bihambwe, mujane, muntu wa maharagi na mahindi na kanisa. Habari ilipomufikia, alikuja kwa miguu, jembe bado liko ku bega.

"Wewe njo unamupandisha mutoto wangu?"

"Anapanda mwenyewe, Mama. Miye ninamufundisha kushuka."

"Akianguka?"

"Atakuwa amekosa yeye, ao nimekosa miye. Hakuna ya tatu."

"Na nani ataniambia ni nani?"

"Miye. Nitakuja kwako niseme mbele yako."

"Unaahidi?"

"Ninaahidi."

Mama Fransine akamutazama kama muntu anavyotazama mbegu ya kununua. Kisha akaweka jembe chini, akaomba maji.

Na Moniteur alishika ahadi yake kupita kiasi. Kila mwisho wa mwezi alikwenda Bihambwe kumuambia yule mama makosa ya mutoto wake. Fransine amegusa chini na gurudumu moja. Fransine amesahau kutazama upepo. Mama Fransine hakuelewa hata neno. Aliniambia sokoni, huku anacheka: "Sijui upepo wa mugongoni ni nini, dada, lakini iko anakuja, anasimama ku mulango wangu kama karani, anasoma dhambi za mutoto. Ninamupa mahindi." Kisha akaacha kucheka: "Muntu mwenye kukuambia madogo, kubwa hatalificha."

Hivyo ilikuwa. Kisha anga ikaharibika.

Bunduki tulizizoea, Mungu anisamehe kusema hivyo. Lakini vikaja vitu vidogo visivyo na muntu ndani, vinavuma juu sawasawa na nyuki zetu, kisha nyumba inawaka. Watoto waliokuwa wanakimbilia malishoni wakisikia mulio, sasa walikimbilia mu migomba. Mujukuu wangu Noela alikuwa anaingia chini ya kitanda na vidole mu masikio hata pikipiki ikipita. Kambere akahama na familia yake. Rubani wa Walikale hakuonekana tena. Hata leo sijui kama yuko hai. Jina lake Josué, kama kuna mwenye kumujua.

Ku chemchemi wanawake walimusimamisha Moniteur. Mama Rehema, mwenye ulimi mukali kuliko wote, alimwambia: "Ukiwasha hicho kitu, watoto wetu wanajikojolea. Unatuzoeza nini sisi? Kufa?"

Akasema: "Wakiacha, watasahau kushuka."

"Wasahau!"

Akapunguza. Mwezi mumoja akaacha, mwingine akaacha. Kisha akasema wafanye mara moja tena, watu wawili tu, Papa Anselme na Fransine, muchezo wa mafuta, asubuhi mapema wakati kumetulia. Bwana wangu alikuwa amekwisha kufa, hakukuwa na wa kumukataza. Miye niliweka maharagi ku moto.

Fransine alikuwa na kabuti ya kaka yake, mikono mirefu. Alikuja jikoni, akaonja chumvi bila kuomba, kama mujukuu kwa koko, bibi yake.

"Koko, leo nitarudi na mafuta kuliko Papa Anselme. Tumbo lake linakunywa."

"Rudi tu, mutoto. Mafuta ni mambo yao wanaume."

Wakaenda. Papa Anselme akarudi wa kwanza, akashuka, akasukuma ndege yake chini ya miti, akakuja ananusa sufuria. Tukasikia milipuko upande wa Bihambwe. Kisha barabara ikajaa watu.

Walipanda malisho yetu kama maji yanayopanda: chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, zimebeba magodoro, mbuzi, wagonjwa ku migongo, wazee. Mbele yao alikuwa Mama Fransine, na mutoto wa jirani ku mugongo. Yeye njo aliwaleta. Aliwaambia njiani: "Twende kule kwa Fransine, kuko pahali pa wazi, kuko watu wanatujua." Wakajitupa chini popote, juu ya mustari wa chokaa, juu ya kila kitu.

Na hapo tukasikia nyuki inakuja.

Watu wale wametoka kuchomewa nyumba na kitu chenye mulio ule. Mumoja akapiga kelele. Kila mwenye kitu cheupe akakiinua: shuka, shati la mutoto, mufuko wa unga, kitambaa cha kichwa. Malisho yote yakawa meupe. Walikuwa wanasema, sisi si askari, usituue. Mutoto mwenye kuwa juu alikuwa anasoma, uwanja ni huru, shuka.

Moniteur alielewa kabla yetu. Nilimuona anakimbia na kitambaa chekundu, anakifungua. Watu wakamuona muzee anapeperusha kitu chekundu kwa ndege. Wakasema anaiita. Wakamuangusha, wanaume wanne wakakaa juu yake, mumoja na magoti ku shingo. Nilipiga kelele: "Mumuache! Ni Moniteur! Mumuache!" Nani atasikia mwanamuke muzee siku kama ile?

Ndege ikaja chini, chini, na moteri inakohoa. Niliona kabuti. Ilikuwa karibu kufika ku vichwa vya watu, ikageuka kwa nguvu upande wa mikaratusi, bawa likaingia mu miti. Sauti haikuwa kubwa. Kama muti mumoja unaovunjika.

Faustin na Papa Anselme walimutoa. Walimubeba juu ya mulango wa zizi langu, waliokuwa wameung'oa. Alikuwa amekwisha kufa.

Mama Fransine hakulia kwanza. Alimutafuta Moniteur na macho. Wanaume walikuwa wamemuachia, ameketi mu majani, uso una udongo, miwani haiko. Akaja mbele yake.

"Sema," akamuambia. "Uliniahidi. Ni nani?"

Moniteur akafungua mudomo. Niliuona mudomo unafunguka. Akaufunga. Akasimama, akapita katikati ya watu, akashuka njia ya bonde, na sisi sote tunamutazama mugongo. Hivyo mulango wake wa kwanza ulifungwa, ukabaki wa pili.

Tulimuzika Fransine chini ya malisho haraka haraka, kisha na sisi tukakimbia. Ng'ombe wangu wamechukuliwa wote. Sasa niko mu kambi, hapa Kitshanga, mu kijumba cha bashe, ile turubai ya musaada, na Mama Fransine ni jirani yangu, ukuta wa bashe ni mumoja tunaushiriki. Ninasikia akigeuka.

Mu kambi watu hawana kazi nyingi, basi wanafanya kazi ya mudomo. Ku foleni ya maji Mama Rehema alisema: "Musichana ku ndege, nani alimutuma? Hakujua kushuka, akajirusha ku miti. Mungu alisaidia hakutumalizia watoto." Mama Riziki alisema alikuwa amekunywa. Hayo yalikuwa bado madogo. Papa Zakaria, wa kwanza mu mustari wetu wa vijumba, alisema alitumwa. Ati alikuwa anaonyesha njia vile vitu vya moto, njo maana alikuja nyuma ya milipuko. Neno hilo lilikaa. Siku za kugawa unga watu waliacha nafasi mbele na nyuma ya Mama Fransine. Mutoto wake mudogo, Dieudonné, alirudi na kichwa kimepasuka, wamemuita ndugu wa mupelelezi.

Mama Fransine hakubishana na muntu. Alisema tu: "Ataleta neno. Aliniahidi."

Miye nilikasirika. "Yule hatakuja, dada. Amekimbia."

"Kama mutoto wangu alikosa, nataka nijue alikosa nini. Kama hakukosa, nataka wajue. Miye nilikuwa pale, Mama Faustin, lakini miye sijui ndege. Neno langu ni la mama. Neno la mama haliuzwi sokoni."

Mvua zilikuja, zikaisha, zikaja tena.

Juzi, mvua ilikuwa imekatika, tulikuwa tunachagua maharagi mbele ya mulango, yeye na miye. Nikaona muzee anakuja kati ya vijumba, na fimbo, anauliza kila mulango. Amekonda mpaka koti linatembea peke yake. Miwani mipya, kioo kimoja. Akasimama mbele yangu.

"Mama Faustin. Ni miye."

"Ninaona. Kama umekuja kutafuta malisho, hatuna hata majani ya sungura."

Akainamisha kichwa. "Yule mama iko wapi?"

Hakumutambua. Mama Fransine alikuwa ameketi karibu na magoti yake, na nywele zimekuwa nyeupe.

"Niko hapa," Mama Fransine akasema. Hakusimama. Hakuacha kuchagua maharagi. "Keti."

"Hapana. Nitasema nikisimama."

Akashika fimbo kwa mikono miwili.

"Mama, Fransine hakukosa. Mafuta yalikuwa yanaisha kwa sababu miye nilimupimia kidogo. Ulikuwa muchezo wangu. Alikuja ku cheupe kwa sababu miye nilimufundisha cheupe ni kushuka, na bwana wa huyu mama aliniambia nibadilishe rangi, nikakataa. Alipoona watu, alikuwa chini sana, moteri haina nguvu ya kumurudisha juu. Angeendelea mbele kwa watu, yeye angepona. Watu njo wangekufa. Aligeuka. Hakuna muda wa kufikiri pale, Mama. Muntu anafanya kile alicho. Mwenye kukosa ni miye."

Mama Fransine alikaa na maharagi mu kiganja.

"Aliniona?"

Nilimutazama Moniteur. Nilimuomba kwa macho. Neno moja tu, muzee, neno dogo, Mungu atalihesabu kuwa kweli.

"Hapana, Mama," akasema. "Kutoka pale sura haionekani. Aliona watu."

"Watu."

"Ee. Watu."

Akamimina maharagi mu ungo polepole. "Na weye, mbona ulikaa hivi? Mutoto wangu mudogo wamemupasua kichwa."

"Nilijua tangu siku ile. Nilifika mara mbili mpaka ku barabara, nikarudi. Sikuweza kujisikia kwa masikio yangu nikisema."

"Leo umejisikia."

"Ndiyo."

Nilifikiri atalia, ao atamupiga, na ningemuacha ampige. Akasimama, akafunga kitenge, akaita kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu Bihambwe: "Mama Rehema! Kuja! Kuja na sikio lako!"

Mama Rehema akatoka, mikono ina unga.

"Huyu njo Moniteur," Mama Fransine akamwambia. Kisha akamugeukia: "Sema tena."

Akasema tena. Mafuta, cheupe, watu, miti, kosa langu. Mama Rehema akashika mudomo. Akaitwa Mama Riziki, naye akasikia, akageuza uso. Wakaitwa Papa Bonane na mke wake Chantal, majirani. Wakaitwa wale vijana watatu waliomupiga Dieudonné, Heri, Moïse na Janvier, wakasimamishwa mbele. Kila mara Moniteur alianza mwanzo, na hakuruka neno. Sauti ikaanza kukatika. Nikamuletea maji, Mama Fransine akangoja amalize kunywa, akamuita mwingine. Muzee akaegemea fimbo. Hakuna aliyemupa kiti, na yeye hakuomba.

Watu walipoisha, Mama Fransine alisimama mu njia, mukono ku macho, anatazama chini ya kambi na juu ya kambi.

"Bado Papa Zakaria," akasema. "Amekwenda kutafuta kuni mbali. Pengine atarudi jioni, pengine kesho."

"Nitamungojea," Moniteur akasema.